Banda la kuku uani: hesabu chakula kabla ya misumari

Swali: Shikamoo mama. Nyuma ya nyumba nina nafasi ya mita 6 kwa 5. Nataka kuku 12 wa mayai, tule nyumbani na yanayobaki niwauzie majirani. Fundi amenichorea banda la tofali lenye dari na milango miwili, limenivutia sana. Tatizo ni kwamba bei yake inamaliza fedha yote niliyojiwekea. Nijenge kwanza, mambo ya kuku yafuate? – *Mfugaji mtarajiwa*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimkubalie bado. Fundi hana kosa: umemuuliza banda, naye amekupa banda. Bajeti ya ufugaji hukumuuliza, na hiyo haianzi kwenye tofali. Inaanza kwenye chakula.

Kuku wa mayai aliyekomaa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 12 watakula karibu kilo 1.4, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 utakwisha katika wiki 5 hivi. Kwa mwaka mzima ni nusu tani na zaidi kidogo. Chukua karatasi, andika hiyo nusu tani juu kabisa, uizidishe kwa bei ya kilo moja ya chakula cha kuku huko uliko. Ukishaona jibu, utalitazama banda la fundi kwa jicho jingine. Banda unalijenga mara moja likakaa miaka. Chakula unakinunua kila mwezi, na ndicho kinachobeba theluthi mbili hivi ya gharama za kufuga kuku wa mayai.

Kipindi kigumu zaidi ni kile cha kabla ya yai la kwanza. Kifaranga wa siku moja hadi afike wiki 20 atakuwa amekula kilo 7 hadi 8, na hajakupa chochote. Ukitaka kubaki na kuku 12, nunua vifaranga 14, maana mmoja au wawili huweza kufa hata kwa mfugaji makini. Hapo unazungumzia kilo 100 na kitu za chakula zinazotoka mfukoni mwako bila yai hata moja kurudi. Tena si chakula cha aina moja: wanaanza na cha vifaranga hadi wiki ya 8 hivi, kisha cha kukuzia, na wakikaribia kutaga ndipo wanahamia cha kutagia. Usije ukawapa vifaranga chakula cha kutagia kwa sababu mfuko wake umebaki. Kina madini ya kalsiamu karibu asilimia 4 kwa ajili ya maganda ya mayai, na kiwango hicho kinaharibu figo za kuku mdogo.

Nimetembelea mabanda mengi mazuri ambayo hayana kitu ndani. Kilichotokea karibu kila mara ni kilekile: banda lilikwisha, likapakwa rangi, vifaranga wakafika, na wiki ya 10 fedha ikakata. Kuku wakaanza kupewa pumba tupu, wakadumaa. Wakachelewa kutaga, na walipoanza wakataga mayai machache madogo, mwenyewe akakata tamaa akauza wote. Inaniuma kila ninapoliona, kwa sababu kuku hawakuwa na tatizo lolote. Kwa hiyo ninalokuomba ni hili: fedha ya chakula hadi wiki ya 20 itenge kando kwanza, usiiguse. Kinachobaki ndicho umpelekee fundi, umwambie, “Nijengee kwa kiasi hiki.” Fundi mzuri hatashindwa.

Kama muda wa kusubiri unakutia wasiwasi, kuna njia ya pili: nunua mitetea iliyokwisha kufika wiki 16 hadi 18. Bei yake itakushtua ukiilinganisha na ya kifaranga. Lakini usilinganishe na kifaranga peke yake. Jumlisha bei ya kifaranga, kilo 6 hivi za chakula, chanjo zote, joto la kulelea zile wiki za mwanzo, na wale wanaokufa njiani. Mara nyingi tofauti inakuwa ndogo kuliko ulivyodhani, na kwa mtu anayefuga kwa mara ya kwanza mimi ningependekeza njia hii. Kulea vifaranga ni ufundi unaojitegemea, unaweza kujifunza kwenye kundi la pili. Muhimu ni kumuuliza muuzaji kadi ya chanjo. Asipokuwa nayo, ondoka.

Sasa banda lenyewe. Kuku wa mayai wanaokaa kwenye maranda wanahitaji mita moja ya mraba kwa kila kuku 4 au 5, pamoja na uwanja wa kutembea wa karibu mita moja ya mraba kwa kila kuku. Kwa kuku 12, banda la mita 2 kwa 1.5 linatosha kabisa, na uwanja wa mita 4 kwa 3. Nafasi yako inavibeba vyote viwili na bado unapata pa kupita na toroli. Dari hulihitaji. Mlango wa pili wa watu pia huuhitaji.

Mwambie fundi sakafu ya zege ya sentimita 7 na nusu. Kwa eneo hilo ni ujazo mdogo mno, chini ya robo ya mita ya ujazo, na kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 3, kokoto 6, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Akikuandikia mifuko 4 kwa ajili ya sakafu, mwombe akuonyeshe hesabu yake. Sakafu iinamie kidogo upande wa mlango ili siku ya kuosha maji yatoke yenyewe.

Kuta ziwe imara kwa sentimita 60 za chini, kwa tofali au mbao, ili mvua na upepo visiwapige kuku walioko sakafuni. Kuanzia hapo kwenda juu weka wavu. Watu wengi wanaogopa banda la wazi, wanadhani kuku watapigwa baridi. Kuku mkubwa ana manyoya, baridi anaiweza. Kinachomuumiza ni hewa nzito, unyevu na joto lililofungiwa. Penye upepo mkali au baridi ya kweli, tengeneza pazia la turubai unaloteremsha usiku, lakini liache upenyo juu kabisa, chini ya paa.

Paa liwe la bati la mteremko mmoja, upande wa juu mita 2.1 na wa chini mita 1.8, na litokeze sentimita 30 kila upande. Hapo paa lako ni mita 2.6 kwa 2.1. Bati likifunika sentimita 75 baada ya kupandanishwa na jirani yake, unahitaji mabati 4. Uliza pia geji. Kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyopungua unene: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, na dukani vyote vinang’aa sawasawa.

Ndani, fito za kulalia ziwe na sentimita 20 hadi 25 kwa kila kuku. Fito mbili za mita 1.5 zinakupa mita 3, zinatosha wote 12. Chonga kingo zake ziwe laini na unene wake uwe sentimita 4 hadi 5, ili mguu uzungukie vizuri. Viota 3 vinatosha, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 hivi, na viwe chini kuliko fito. Hili fundi wengi hawalijui. Kuku hutafuta mahali pa juu kabisa kulala. Kiota kikiwa juu ya fito, watalala kiotani, watakijaza kinyesi, na asubuhi utaokota mayai machafu.

Jambo moja ambalo nitalisisitiza hata kama fedha ni ndogo: usikubali banda la kuingia kwa magoti. Mwenye kutambaa kwenda kufagia atafagia leo, kesho ataahirisha, na wiki ya tatu hatafagia tena. Mlango uwe wa urefu wako na ufungukie nje, maana maranda yakirundikana nyuma ya mlango unaofungukia ndani hautasogea.

Baada ya banda, zimebaki gharama ndogondogo ambazo mafundi hawaziandiki. Chombo cha chakula kinachoning’inia, mdomo wake ukiwa sawa na mgongo wa kuku. Kijaze theluthi tu, kwa sababu kikijaa hadi juu wanakipekua na kukimwaga, na chakula kilichomwagwa ni fedha yako iliyoko sakafuni. Vyombo viwili vya maji: kuku 12 wanakunywa lita 3 kwa siku ya kawaida, na siku ya joto kali wanaweza kufika lita 6. Maranda ya mbao ya kutandika kina cha sentimita 10. Chanjo. Dawa ya minyoo. Kisha weka asilimia 15 ya jumla yote kama akiba, uiandike kwa jina lake kabisa kwenye karatasi, isiwe “nitaona mbele ya safari.”

Kuhusu chanjo, nikwambie jambo moja linalookoa fedha. Chupa ya chanjo ya kideri, ambao wengine wanauita mdondo, mara nyingi huja na dozi 100 au zaidi, na ikishachanganywa inatakiwa itumike siku hiyohiyo. Wewe una kuku 12. Tafuta majirani wanaofuga, mpange siku moja, mchangie chupa moja. Kideri kikiingia kwa kuku ambao hawajachanjwa kinaweza kuwamaliza karibu wote ndani ya siku chache, na dawa ya kukitibu hakuna. Mtaalamu wa mifugo wa eneo lako atakupangia ratiba ya chanjo za magonjwa ya kideri, gumboro na ndui.

Mwisho wa hesabu, angalia kama mayai yatajilipa. Kuku wa mayai wa kisasa akitunzwa vizuri hutaga mayai 280 hivi katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga. Gawanya chakula anachokula kwa mayai anayotoa, utapata gramu 145 hadi 155 hivi za chakula kwa kila yai. Kwa hiyo chukua bei ya kilo moja ya chakula, igawe kwa 6.5: hiyo ndiyo gharama ya chakula iliyomo ndani ya yai moja. Kama majirani zako wananunua yai kwa mara mbili ya hapo, mradi unakwenda. Ikiwa tofauti ni ndogo sana, fuga kwa ajili ya meza yako na usiongeze idadi. Mwaka wa pili mayai yanapungua, na kuna majuma ya kunyonyoka manyoya ambayo karibu hawatagi kabisa, na chakula wanakula. Liweke hilo pia kwenye karatasi yako.

Swali: Mama, mume wangu ananunua rola moja la wavu wa kuku, ule wa kusukwa wenye matundu ya pembe sita, anasema linatosha kuzungushia uwanja wote wa mita 4 kwa 3. Pia amepata bure mbao za paleti, yale majukwaa ya kubebea mizigo. Mimi nina wasiwasi na vyote viwili. – *Mke wa fundi wa Jumamosi*

Jibu: Dada, kwenye wavu wasiwasi wako ni wa haki, kwenye paleti inategemea.

Wavu wa kusukwa unamzuia kuku asitoke. Kumzuia adui asiingie ni kazi nyingine. Mbwa anaukunja kwa makucha, kicheche anapita kwenye upenyo ambao wewe ungeona haupitishi kitu, na panya anatafuna pembeni ya nguzo. Sehemu ya chini, pale adui anapofika, weka wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya milimita 12 au 13. Wa kusukwa uwe wa juu, huko hauna kazi ngumu.

Pigeni hesabu pamoja. Uwanja wa 4 kwa 3 una mzunguko wa mita 14. Toa mita 2 zinazoshikana na ukuta wa banda, zinabaki 12. Rola nyingi zina upana wa sentimita 90. Mkitaka uzio wa mita 1.8, mnahitaji safu mbili, yaani mita 24. Halafu kuna ile sketi ya chini: wavu unaolala ardhini kuelekea nje ya uzio, sentimita 45, ukiwa umefunikwa na udongo kidogo. Mnyama anayechimba huanza palepale kwenye mguu wa uzio, anakutana na wavu chini ya kucha zake, na hana akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanze upya. Kata rola katikati kwa urefu, mita 6 zitawapa mita 12 za sketi. Jumla mita 30. Rola la mita 30 linaisha bila kubakisha hata kipande cha kupandanisha kwenye pembe, na juu bado ni wazi kwa mwewe. Kwa hiyo mwambie: mita 18 na ziada kidogo za wavu wa kuchomelewa kwa safu ya chini na sketi, mita 12 na ziada za wa kusukwa kwa safu ya juu, na juu kabisa mtandaze nyavu kuukuu za kuvulia. Nyavu hizo hazina gharama kubwa na mwewe hazipendi.

Komeo nalo liwe la kusukuma na kufunga kwa kipini, si kipande cha waya kilichosokotwa. Mlango wa kuku ufungwe kila jioni bila kukosa. Hapo ndipo kuku wengi wanapopotelea, jioni moja tu mtu amechelewa kurudi.

Paleti: tafuteni mhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona herufi HT, ujue mbao zilitibiwa kwa joto, zitumieni. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ziacheni. Zisizo na mhuri, au zenye madoa ya mafuta na kemikali, ziacheni pia, hata kama ni za bure. Na mbao yoyote yenye rangi ya zamani inayobanduka isiingie bandani, kwa sababu kuku hudonoa kila kitu na rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kabla ya kupigilia, ama pitisheni moto wa kiberiti cha gesi kwenye nyufa, ama zipakeni mafuta ya taa, si vyote viwili, maana utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Mafuta yakauke kabisa kabla kuku hawajaingia.

Swali: Jirani analalamika harufu. Nimeongeza maranda lakini bado. Ninunue dawa gani? – *Mwenye kuku 20*

Jibu: Usinunue dawa kwanza. Ingia bandani alfajiri kabla hujafungua mlango wa kuku, uiname hadi pua yako ifike urefu wa kuku. Kama macho yanawasha, hiyo ni amonia, gesi kali inayotoka kwenye kinyesi, na kuku wamelala nayo usiku kucha. Halafu chota maranda kiganjani, uyabane kwa nguvu, ufungue mkono. Yakisambaratika, ni makavu. Yakibaki donge, yameloa, na yakiloa huzalisha harufu pamoja na vimelea vya kuhara damu.

Sasa tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni chombo cha maji kilichowekwa chini, kuku wanakipiga teke na kukimwaga. Kiinue juu ya tofali, weka changarawe chini yake. Ikiwa si hicho, angalia paa, kisha angalia kama upepo unapita juu ya vichwa vya kuku au umezibwa. Ondoa maranda yaliyoganda chini ya fito, ambako kinyesi cha usiku kinaangukia, ugeuze yaliyobaki kwa reki kila wiki. Ulichokitoa usikirundike kwenye ukuta wa jirani. Kiweke kwenye shimo la mboji na majani makavu, kioze kwa miezi kadhaa. Kinyesi kibichi kinaunguza mimea.

Na umpelekee jirani mayai. Yeye ndiye anayekaa upande ambao upepo unaelekea, anastahili kupata kitu katika mradi huu.

Kabla hujaongeza kuku wengine, uliza mamlaka ya mji wenu idadi inayoruhusiwa na umbali wa banda kutoka mpaka wa kiwanja. Kuna miji inaruhusu mitetea michache na kukataza majogoo kabisa.

Swali: Je, kuku wangu watataga bila jogoo? Nimeambiwa lazima ninunue mmoja kwa kila mitetea 5. – *Bibi wa wajukuu wanne*

Jibu: Shikamoo bibi. Watataga vizuri tu bila yeye. Jogoo anahitajika ukitaka mayai ya kuangua vifaranga, na hapo mmoja anatosha mitetea 10 hivi. Ukiwa na mmoja kwa kila 5, mitetea itapandwa mno na kunyonyoka manyoya ya mgongo, na majogoo wataumizana. Kama unataka mayai ya wajukuu tu, fedha ya jogoo nunua gunia la maranda.